Mikono ya Velvel Sukari

"Ijumaa, saa tatu asubuhi," alisema Kapteni Mulhearn. "Nokhem wako anafikishwa mbele ya baraza la mashtaka. Wakishampitisha pale, Rudnik, mimi na wewe hatuna letu tena."

"Leo Jumatano, afande."

"Siku za wiki nazijua."

Sajini Getzel Rudnik alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameizunguka mitaa ile ya mashariki ya New York kwa miguu, na sasa miguu ilikuwa inamdai. Tangu Jumatatu hakuwa amelala zaidi ya saa tatu, tena kwenye benchi, na koti likiwa mto. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kuchukia kulikuwa kazi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Leibish Tunkel, mwenye zizi la farasi Mtaa wa Cherry, alikutwa amekufa ndani ya zizi lake. Amepigwa mtaimbo kisogoni. Daktari alisema kauawa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Juu darini, kwenye majani makavu, walimkuta mtunza farasi wake, Nokhem Gluz, amelewa chakari, na mtaimbo umelala ubavuni mwake. Kapteni Mulhearn hakuwa mla rushwa. Alikuwa na kesi arobaini mezani, na kwake mtu aliyelala na mtaimbo wenye damu ni mtu aliyelala na mtaimbo wenye damu.

"Na Sukari?" aliuliza Rudnik.

"Sukari alikuwa amelala kwa mama yake. Mama kaapa. Wewe mwenyewe ndiye uliyenitafsiria, ukaniambia yule bibi hajawahi kusema uongo tangu azaliwe."

Ndivyo hasa Rudnik alivyokuwa amesema.

"Mtu aliyeua anakwenda kwenye kiti cha umeme," alisema kapteni, akirudi kwenye karatasi zake. "Kama si Nokhem, niletee mwingine. Lakini niletee kitu ambacho mtu wa kutoka Dublin atakielewa."

Faili la Velvel Zaretski, ambaye mtaa mzima ulimwita Sukari, lilikuwa limeandikwa kwa mkono wa Rudnik mwenyewe, na lilikuwa nene kuliko kitabu cha sala. Alifika bandarini na mama yake akiwa na miaka tisa. Akiwa na kumi na minne alichota maji mazizini. Farasi walimpenda, maana mfukoni hakukosa madonge ya sukari. Akiwa na kumi na minane, farasi wa watu waliokosana na tajiri wake wakaanza kufa, na midomoni mwao kulikuwa na utamu. Hapo ndipo jina lilipoanzia. Alipofika miaka ishirini na mitano hakubeba tena sukari mwenyewe. Aliyaita magenge matatu yaliyokuwa yakichomana visu kila Jumapili, akayakalisha meza moja, akayagawia mitaa, na tangu siku hiyo hakukuwa na mwoka mikate wala muuza soda aliyemiliki farasi bila kumjua Sukari. Kabla yake mtaa ulikuwa na wahuni tu. Yeye ndiye aliyeufanya uhuni uwe kazi ya ofisi, na wakili, na daktari, na likizo. Tena aliwaozesha mayatima na kuwanunulia makaa wajane, kwa hiyo ukimsema vibaya kwa sauti, kulikuwa na mwanamke wa kukuzomea kutoka dirishani.

Kukamatwa, mara kumi na moja. Kufungwa, hata mara moja. Rudnik alilifunga faili akaenda mahabusu.

Nokhem alikuwa amekaa sakafuni, kiu ya pombe imemshika.

"Getzel, ndugu yangu! Umeniletea chochote?"

"Chai."

"Chai! Mtu ananing'inia pabaya, wewe unamletea chai." Aliipokea hata hivyo. "Mimi nimuue Leibish? Miaka kumi na mmoja ananitukana kila siku ya Mungu na hajanifukuza. Nani mwingine atanivumilia mimi?"

"Niambie kuhusu Sukari na Leibish."

"Si unajua? Pasaka walikufa farasi watatu. Leibish akaapa, hatoi tena hata senti kwa Sukari, na wenzake wenye mazizi wakaanza kumsikiliza. Hilo Sukari angelivumilia. Ila lile la Ijumaa..."

"Ijumaa gani?"

"Siku moja kabla ya Siku ya Toba. Wewe ulikuwa wapi? Dunia nzima ilikuwepo! Watu tumejaa mlangoni mwa sinagogi, tunaombana msamaha kama desturi, huyu analia, yule anamkumbatia shemeji yake waliyenuniana mwaka mzima. Sukari anakuja mbele ya Leibish, koti jipya, viatu vya njano. 'Leibish, kama nimekukosea, nisamehe.' Leibish anamwangalia. 'Waombe farasi wangu.' Mara ya pili, hivyohivyo. Mara ya tatu, Getzel, sauti yake ilikuwa ya mtoto. 'Nisamehe, Leibish, kesho napanda kuwabariki watu.' Na Leibish akasema, watu wote wanasikia, 'Na baraka yako nitakaa nje isinipate.'"

"Akafanya nini?"

"Sukari? Akatabasamu. Mimi nikaenda kunywa. Tabasamu lile lilinitisha."

"Na usiku wa Jumapili?"

"Nilikunywa. Nililala. Nimeamka askari ananikanyaga." Nokhem alianza kulia bila kujificha. "Mtaimbo huo tunafungulia mapipa ya shayiri. Hukaa chini, kando ya mlango. Mimi ngazi yenyewe naipanda kwa magoti, niupandishe mtaimbo kwa ajili gani?"

Hilo lilikuwa swali zuri, ila lilikuwa la mlevi, na Rudnik alijua mbele ya baraza lingekuwa na uzito gani.

Rudnik alimkuta Berish, muuza maziwa, Mtaa wa Cherry akipakua makopo matupu. Yeye ndiye aliyeiona maiti.

"Nimeshasema yote, sajini."

"Yaseme tena. Mimi mzee, nasahau."

"Mzee! Unasahau deni lako la maziwa tu." Berish alijifuta mikono. "Haya. Mvua ilikuwa inanyesha tangu usiku wa manane, mvua ya kisawasawa. Saa moja napita, namkuta Sukari amesimama pale." Alionyesha ukuta wa duka la achari, ng'ambo ya zizi. "Peke yake, hana mwavuli. Anaita, 'Tunkel! Leibish Tunkel!' Nikaenda kugawa maziwa jengo la pili na la tatu, narudi karibu saa moja na nusu, bado yuko palepale. Analoa kama mbwa."

"Nusu saa."

"Karibu hivyo. Akaniita. 'Berish, hebu ingia umwangalie huyu mzee, nina maneno naye na haitikii.' Nikamwambia, bwana mkubwa, mlango uko wazi, si uingie mwenyewe, utapata homa ya mapafu! Akasema, 'Humo mkojo mtupu wa farasi, na viatu hivi ni vipya.' Basi nikaingia. Mungu apishe mbali, sitaki kukumbuka."

"Alipokwambia hivyo, alikuwa amesimama juu ya nini?"

"Juu ya miguu yake, juu ya nini tena?"

"Nionyeshe hasa."

Berish akamwonyesha. Rudnik akasimama pale. Mbele ya duka la achari mfereji ulikuwa umeziba, na mvua ya Jumatatu bado ilikuwa imeacha dimbwi lenye maganda ya matango. Mtu yeyote aliyesimama pale nusu saa alikuwa na maji hadi vifundoni. Akavuka barabara. Mbele ya zizi palikuwa pakavu, mawe safi, na juu yake upenu mpana wa mabati, ulioshikana na paa la zizi, ambao Tunkel aliujenga ili mikokoteni isilowe. Wangeweza kusimama watu sita chini ya upenu ule wasiguswe na tone.

"Berish, hapa hakuja? Hata hapa nje, chini ya upenu?"

"Hakuvuka barabara kabisa. Hata nilipotoka nikipiga kelele. Aligeuka akaenda zake."

Kwa hiyo si viatu. Mtu anayeonea viatu vyake huruma haviweki kwenye dimbwi. Rudnik aliwaza farasi: labda farasi wangemjua, wangepiga kelele. Akaingia, akawauliza watu wa zizi. Walicheka. Farasi humpenda Sukari mpaka leo, walisema, wajinga wale, hunyoosha shingo wakisikia sauti yake. Basi si farasi. Rudnik alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua kiatu cha kushoto, akalisugua gumba lake, na kwa muda mrefu hakuwaza kitu chochote.

Mama Zlata Zaretski aliishi ghorofa ya nne, Mtaa wa Madison, katika vyumba vilevile alivyofikia miaka ishirini na saba iliyopita. Mwanawe alikuwa amemnunulia nyumba Brooklyn. Hakwenda hata kuiona. Jikoni kulikuwa na mvuke wa supu na harufu ya mikate. Jua likitua ingeanza Sikukuu ya Vibanda, na uani chini watu walikuwa wanapigilia misumari vibanda vyao vya kulia chakula, wanabishana nani achukue kona ipi.

"Getzel, mwanangu, umekuwa fito. Kaa. Kula."

"Sijaja kula, mama."

"Hujaja kula, lakini utakula." Akamwekea bakuli. "Kama umekuja kuniuliza tena, nimeshasema. Velvel alikuwa amelala. Nilimwamsha mimi saa kumi na mbili na nusu, nikampa chai."

"Sikuulizi hilo. Niambie alikuwaje utotoni."

Mama Zlata alimtazama kidogo, kisha akaendelea kukanda unga. Hakuna mama anayekataa swali hilo.

"Mtiifu. Cheka ukitaka. Watu wanasema mengi juu yake, mimi sina masikio ya mengi. Lakini mambo ya Mungu hakuniasi hata siku moja. Sisi ni wana wa Haruni, unajua? Kuhani, baba yake kuhani, babu yake kuhani. Baba alipofariki melini nikasema, nani atamfundisha mtoto huyu? Nikamfundisha mimi. Mwanamke, nafundisha ukuhani! Kuhani haendi makaburini. Kuhani haingii nyumba yenye maiti, labda awe mzazi wake au nduguye wa damu. Alipofariki Mendl, kaka yangu, Velvel ana miaka kumi, theluji imefika magotini, watu wote tuko ndani tunalia, yeye kasimama ng'ambo ya barabara saa nzima. Nikampelekea skafu. Nikamwambia basi sogea, simama hata chini ya upenu, theluji isikuangukie. Akaniambia, 'Mama, si ulisema upenu ukishikana na paa, ni nyumba moja?'" Mama Zlata alicheka, macho yamelowa. "Miaka kumi! Akanifundisha mimi niliyemfundisha."

Rudnik aliweka kijiko mezani taratibu. Uchovu wa siku tatu ulimshukia mara moja mwilini, maana sasa alikuwa amejua, na alitamani asingejua akiwa ameketi katika jiko lile.

"Mpaka leo anashika hayo?"

"Mpaka leo. Mwaka jana amekufa mwenye nyumba hapo chini, Velvel alilala hotelini siku mbili."

"Mama Zlata," alisema Rudnik, "Jumatatu saa moja asubuhi Velvel alisimama ng'ambo ya zizi la Tunkel. Nusu saa, kwenye mvua. Mlango uko wazi, hakuingia. Kuna upenu mpana, hakusogea. Akamtuma muuza maziwa."

"Alikuwa anamwita. Aliniambia."

"Anamwita nani, mama? Saa moja, kwa watu wote, Tunkel alikuwa bado hai, amechelewa tu kuamka. Hakuna mtu mtaani aliyejua mle ndani kuna maiti. Maiti imeonekana saa moja na nusu."

Mikono ya mama ilisimama ndani ya unga. Chini uani mtu alikuwa anamwita mwenzake punguani kwa sababu ya ubao.

"Kula supu," alisema hatimaye.

"Mama..."

"Nilisema alikuwa amelala. Nimesema mbele ya yule Mwairishi na mkono wangu juu ya Torati. Nenda zako, Getzel."

Alikwenda. Kwenye ngazi alijionea aibu. Alikuwa amekula chakula cha bibi yule tangu yuko askari wa zamu, na sasa alikuwa amemwachia jambo ambalo hakuna mtu angemsaidia kulibeba.

Sukari alikuwa kwenye meza yake ya kawaida, mkahawani kwake, glasi ya chai mkononi na donge la sukari kati ya meno, kama wanywavyo watu wa kwao. Wanaume wawili waliinuka Rudnik alipoingia. Sukari akawapungia wakakaa.

"Sajini! Sikukuu njema. Miguu inasemaje?"

"Inasema nistaafu."

"Isikilize. Nitakununulia kiti cha kubembea."

Rudnik alikaa mbele yake. Viatu vya njano vilikuwa chini ya meza, vimepakwa rangi upya, lakini ngozi ilikuwa imevimba na kupasuka kwa maji.

"Nimetoka kusimama kwenye dimbwi lako," alisema Rudnik. "Mbele ya duka la achari."

"Ah."

"Kavu iko ng'ambo, hatua kumi. Hukuvuka."

Sukari aliifyonza chai kupitia lile donge. Alikuwa na miaka thelathini na sita na uso wa mwalimu wa shule. Halafu alianza kucheka, kidogokidogo.

"Getzel, Getzel. Ni wewe tu mji mzima. Haya, ipeleke kwa Mulhearn! 'Afande, huyu ndiye muuaji.' 'Ushahidi?' 'Alilowa, afande.'" Aliwageukia watu wake. "Mmesikia? Nitapelekwa kwenye kiti cha umeme kwa kulowa."

Walicheka. Rudnik naye alitabasamu, kwa sababu ilichekesha.

"Mulhearn hataelewa," alikubali. "Nimekuja kwa jambo lingine. Nataka kujua tu, mwenyewe, kwa kuwa nimekuandika miaka kumi na minane. Ulikwenda umshawishi au umuue?"

"Nilikuwa nimelala kwa mama."

"Ulikwenda kumwomba mara ya nne. Mimi nadhani hivyo. Hakuna mtu anayekwenda na viatu vipya kuua. Ukaomba, akakugeuzia mgongo, na mtaimbo upo hapo kando ya mlango. Ukaupandisha kwa mlevi. Na baadaye ukataka kuonekana mtaani, mtu asiyejua kitu, anaita tu. Akili nzuri. Ila miguu yako haikukubali kuingia tena, Velvel. Miguu ilimkumbuka mama yako."

Sukari hakucheka tena. Donge lilikuwa limekwisha mdomoni, hakuchukua jingine.

"Jumamosi iliyopita, Siku ya Toba, ulipanda na makuhani wenzako," aliendelea Rudnik. "Nilikuwepo. Umepanda kila sikukuu tangu una miaka kumi na mitatu. Kesho asubuhi wataita makuhani. Kuhani aliyeua mtu hainui mikono kubariki. Unajua nani alikufundisha hilo. Na kesho atakuwa amekaa juu, nyuma ya pazia, kwenye kiti chake cha siku zote."

"Unanitishia na sala?"

"Mimi? Mimi hata kufunga sikufunga vizuri mwaka huu. Nakuuliza tu. Kesho utapanda?"

"Toka," alisema Sukari, kwa sauti ambayo watu wake wawili hawakuwahi kuisikia, na wakatazamana.

Alhamisi asubuhi sinagogi lilijaa mpaka kwenye ngazi. Rudnik alikuwa amekaa karibu na nguzo, shuka ya sala ya marehemu baba yake mabegani, imekuwa ya njano kwa uzee. Sukari alikuwa safu ya mbele. Alipeana mikono na watu, akamnong'oneza rabi kitu, wote wawili wakacheka. Uso wake ulikuwa umetulia. Rudnik akajisemea, atapanda. Mtu aliyewakalisha wachoma visu meza moja hashindwi kupanda ngazi tatu. Atapanda, atabariki, mama atashukuru Mungu, na kesho saa tatu Nokhem kwisha habari yake.

Sala ikasonga. Mwimbishaji akakaribia mahali ambapo makuhani hutoka kwenda kunawa, Walawi huwamiminia maji mikononi, kisha huvua viatu na kupanda mbele ya sanduku la Torati. Wanaume waliinuka huku na huku. Sukari naye akainuka, akaelekea mlango wa nyuma pamoja nao.

Walirudi, wakavua viatu chini ya ngazi, wakapanda na soksi tu. Watu wote wakavuta mashuka juu ya nyuso zao, maana makuhani wanapobariki hawatazamwi. Wao wenyewe hujifunika, kichwa na mikono, na chini ya mashuka meupe hujui huyu ni nani na yule ni nani. Rudnik alijifunika kama wengine. Desturi inakataza kutazama mikono. Haisemi kitu juu ya viatu.

Aliinamisha kichwa, akaangalia chini ya ngazi, pale viatu vilipopangwa. Jozi nyeusi. Nyeusi. Nyeusi yenye kiraka. Kahawia. Nyeusi mbili ndogo, za wale ndugu wafupi wa duka la vitambaa. Jumamosi zilikuwa jozi saba. Leo sita. Vya njano havikuwepo.

Sauti za makuhani zilipanda, watu wakaitikia, na Rudnik hakuinua macho kutazama kule juu kwenye pazia la wanawake. Hakuwa na ujasiri huo.

Saa tisa mchana alikuwa kituoni, hana kitu. Kapteni Mulhearn alimsikiliza mpaka mwisho, kwa uungwana, akiwa ameshika shavu.

"Kwa hiyo Jumatatu hakuingia zizini, na leo hakupanda ngazini."

"Ndiyo, afande."

"Rudnik, nenda kalale. Nakuomba. Hiyo ni amri na ni ombi."

Rudnik alikuwa anatafuta kofia yake askari wa zamu alipofungua mlango, nyuma yake amesimama Mama Zlata. Amevaa gauni lake jeusi la sikukuu na shanga za lulu. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Mtaa wa Madison, kwa kuwa siku ile hapandi gari, na pumzi ilikuwa imemwishia.

"Kaa, mama."

"Sikai." Alisema kwa lugha ya nyumbani, macho kwa Rudnik, kana kwamba kapteni ni kabati. "Mtafsirie huyu. Jumatatu Velvel aliingia saa kumi na moja alfajiri. Amelowa. Akaenda kwenye beseni, akanawa mikono, ananawa tu, hamalizi. Nikaamka, nikachukua jagi, nikammiminia mimi mwenyewe. Akasema, 'Mama, wakikuuliza, sema nilikuwa nimelala.' Nikadhani ana mwanamke mahali. Nilifurahi hata, nikasema labda ataoa."

Rudnik alitafsiri. Sauti yake ilikuwa kavu. Kapteni alikuwa ameshaweka mkono chini kutoka shavuni.

"Leo amesema nini kwako?" aliuliza Rudnik.

"Amesema tumbo lilimuuma." Aliguna. "Miaka ishirini na mitatu natazama viatu vile kutoka juu. Vya kwanza vilikuwa vya kuazima. Leo nimetazama, nimehesabu mara mbili."

Kapteni alisukuma karatasi mezani, na kalamu. Rudnik aliiangalia kalamu.

"Mama, leo ni sikukuu. Kuandika ni mwiko. Niseme asubiri mpaka Jumamosi usiku?"

"Yule mlevi anapelekwa lini?"

"Kesho asubuhi."

"Basi unaniuliza nini? Kwa roho ya mtu inaruhusiwa. Hilo pia nilimfundisha." Akaichukua kalamu. Aliandika jina lake polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, herufi moja moja, kisha akairudisha kalamu mahali ilipokuwa.

Kapteni Mulhearn aliinuka, akachukua kofia, akauliza kwa sauti ya chini mtu huyo anapatikana wapi saa hizi. Rudnik hakulazimika kutafsiri. Bibi alikuwa ameelewa.

"Yuko uani kwangu, kibandani, anakula," alisema Mama Zlata. "Nimemwambia naenda kuazima chumvi kwa jirani. Nendeni upesi, lakini Getzel, mwanangu, mwacheni kwanza amalize supu."